Gari Kuukuu Linapochemsha Mlimani

Karakana ninayofanyia kazi iko Ilula, juu ya mlima Kitonga, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na magari mengi yanayofika kwetu yakiwa yamefungwa kamba ni yale yaliyochemsha. Wenye magari huulaumu mlima, lakini mimi huutetea, kwa sababu gari ambalo mfumo wake wa kupoza injini ni mzima hupanda Kitonga na abiria na mizigo yake bila mshale wa joto kutoka mahali pake. Mlima hufichua tu ubovu ambao gari limekuwa likiubeba kimyakimya kwenye tambarare.

Ubovu ninaokutana nao zaidi hutengenezwa na mafundi wenzangu. Gari kutoka Japani likichemsha mara moja, fundi huing'oa thamostati na kumwambia mwenye gari kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ina kazi mbili: inapoanza kufunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, huyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta inayoyapoza kwa upepo, na kadiri inavyozidi kufunguka, sahani yake ya nyuma huiziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, kwa hiyo kwenye tambarare injini hufanya kazi ikiwa baridi mno na kunywa mafuta kupita kiasi, na mlimani, ambako maji yote yanahitajika kwenye rejeta, sehemu yake huzunguka humohumo yakiwa ya moto.

Maji matupu badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, huongeza tatizo, kwa kuwa huleta kutu inayoziba mirija ya rejeta. Iringa mjini, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95. Ndani ya injini huzuiwa yasichemke na mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, ambao huongeza takriban nyuzi 20. Mfuniko ambao mpira wake umekakamaa hauongezi chochote, na ni kifaa cha bei ndogo ambacho hakuna anayekumbuka kukibadilisha. Ukiwa umefungua boneti, tazama pia tangi la plastiki la juu ya rejeta: likishabadilika kutoka weusi kuwa kahawia, limekwisha kuwa kavu na litapasuka, aghalabu pale linapounganishwa na mpira mkubwa wa kupitishia maji.

Mshale ukianza kupanda ukiwa njiani, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zake zote ijapokuwa jua ni kali, kwa maana hita ni rejeta ndogo ya pili, kisha tafuta mahali pa kuegesha palipo mbali na kona, kwani malori yanayoshuka Kitonga hayana nafasi ya kukukwepa. Weka pembetatu mbali nyuma ya gari. Ikiwa hakuna mvuke na mkanda wa injini haujakatika, iache injini ingurume taratibu kwa dakika chache ili pampu na feni ziendelee kuipoza. Mvuke ukionekana, izime mara moja.

Kuna hali moja inayowadanganya hata madereva wazoefu. Mshale uliokuwa juu hushuka ghafla, hita huanza kupuliza hewa ya baridi, na dereva hushukuru na kuendelea na safari, kumbe maji yamekwisha na kihisi cha joto kimebaki kwenye hewa tupu, hakina cha kupima. Hapo injini huungua ndani ya muda mfupi sana.

Usiufungue mfuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuminywa kwa mkono bila kukataa, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, kwa kuwa silinda hedi ya alumini, sehemu ya juu inayofunika silinda, hupinda, na hapo ndipo gasketi iliyo chini yake huungua. Baada ya kujaza, washa injini na utazame: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba gari halipaswi kuendeshwa tena.

Kwa gari la namna hiyo napendekeza lipakiwe juu ya gari la kubebea, hasa ikiwa linashushwa kuelekea Ruaha Mbuyuni. Likivutwa kwa kamba, injini iliyozimwa haiisaidii breki. Ukikanyaga mara mbili au tatu pedali huwa ngumu kama jiwe, usukani nao huwa mzito. Na kama gia zake ni za otomatiki, kulivuta huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka barabarani huharibu gia boksi, ambayo hapo awali haikuwa na tatizo lolote.