Fiti siyo ganzi: maneno ya stresi na mazoezi yaliyonichosha

Nimeyasikia haya maneno kwa wateja wangu mpaka basi, acha niyaandike mahali pamoja, mtu akiniuliza tena namtumia hii asome mwenyewe.

Dhana: ukiwa fiti mwili haushtuki na stresi

Naanza na hii maana ndiyo inayonikera kuliko zote. "Kocha mbona nakimbia kila wiki na bado nikiitwa kuongea mbele za watu moyo unanienda mbio, viganja jasho, mdomo umekauka, sasa haya mazoezi yananisaidia nini?" Na anayeuliza hivi mara nyingi yuko mbioni kuacha kabisa, yaani ameshajipa jibu anatafuta tu wa kumuunga mkono.

Jamani, nani aliwaambia mazoezi yanakufanya uwe jiwe? Moyo kwenda mbio kabla ya interviu ndiyo kazi yake. Ubongo umeona kuna jambo zito mbele, homoni ya adrenalini inamwagika ndani ya sekunde, kotisoli, homoni nyingine ya stresi, inafuata taratibu na kilele chake kinakuja kama dakika 20 hadi 40 tangu jambo lianze. Mwanariadha anapitia hayo, na yule asiyeweza kupanda ngazi bila kuhema anapitia hayo hayo. Tena mwili usioshtuka kabisa siyo wa kujivunia, watafiti wameukuta kwa baadhi ya watu wenye sonona.

Tofauti iko kwenye KURUDI. Narudia, kurudi. Unashtuka kama wengine ila unatulia mapema kuliko wengine.

Kuna kipimo kimoja maarufu kilitengenezwa chuo kikuu cha Trier kule Ujerumani, kikachapishwa 1993. Unapewa dakika chache ujiandae, halafu unasimama mbele ya jopo limekukazia macho hakuna hata anayetabasamu, unajieleza kwa dakika 5 kama unaomba kazi, ukimaliza unaambiwa hesabu kurudi nyuma kwa kutoa namba ya kukera kama 13, ukikosea anza upya. Huku wanapima mapigo yako, na kotisoli wanaipima kwenye mate. Kwa vipimo vya aina hii watu fiti wamelinganishwa na wasio fiti miaka na miaka na majibu kuhusu kilele yanagongana: mwaka 2006 zilitoka tathmini mbili zilizokusanya tafiti nyingi, moja ikasema walio fiti mapigo yao yanapanda kidogo kuliko wenzao, nyingine ikasema yanapanda zaidi, ila siyo sana. Walipokubaliana ni hapo kwenye kurudi, aliye fiti anarudi haraka.

Na mgongano wenyewe siyo wa kushangaza ukifikiria hesabu. Chukua mtu ambaye moyo wake ukitulia unapiga 52 kwa dakika, akishtuka ukafika 90, amepanda 38. Mwingine anaanzia 82 anafika 110, amepanda 28. Ukiangalia mpando tu utasema huyu wa kwanza ndiye mwenye stresi kali, wakati moyo wake hata kwenye kilele unapiga taratibu kuliko wa mwenzake!

Kinachofanya kazi hapo ni neva ya vegasi, ndiyo breki ya moyo. Mazoezi ya pumzi (namaanisha kama kukimbia, siyo ya kupumua) ukiyafanya kwa miezi yanaongeza nguvu ya hiyo breki, na moyo wenyewe unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja kwa hiyo hauhitaji kukimbizana. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu (na wananiona msumbufu) acheni kupima jinsi mlivyoshtuka, pimeni mlitulia baada ya muda gani. Umegombana na bosi saa 4 asubuhi, je saa 5 mwili umeshatulia au mpaka usiku bado mabega yako masikioni na tumbo limejikunja? Linganisha na ulivyokuwa miezi mitatu iliyopita, hapo ndipo utaona mazoezi yamefanya nini. Wengi huwa hawajawahi hata kuangalia.

Dhana: mazoezi yanapandisha kotisoli kwa hiyo ukiwa na stresi usifanye

Hii imeletwa na video fupi fupi za mitandaoni. Ni kweli mazoezi makali yanapandisha kotisoli, kuanzia kama asilimia 60 ya uwezo wako wa juu kwenda mbele, kutembea kwa kawaida hakupandishi. Lakini inapanda inashuka. Na kotisoli siyo sumu, kila asubuhi ukiamka inapanda yenyewe ndani ya nusu saa hivi ili uweze kuanza siku. Shida ni ile inayobaki juu muda wote, siyo hii.

Dhana: kazini moyo unanidunda kutwa, hayo nayo ni mazoezi tosha

Hapana bwana. Ukikimbia, mishipa ya damu ya misuli inapanuka, misuli inachoma sukari na mafuta yaliyoachiliwa, moyo unasukuma damu inayohitajika kweli. Ukikasirishwa umekaa kwenye kiti, moyo unapiga, presha inapanda, sukari inaachiliwa, na hakuna misuli inayoitumia. Gharama umelipa, bidhaa hujapewa.

Dhana: ukiwa na hasira nenda kakimbie au kapige begi uitoe

Hii hata makocha wenzangu wanaisema. Tathmini ya mwaka 2024 iliyokusanya tafiti zaidi ya 150 ilikuta vitu vinavyopandisha mwili moto havipunguzi hasira, na kukimbia kulielekea hata kuiongeza, kinachoshusha ni vile vinavyotuliza mwili, kupumua taratibu, kulegeza misuli. Na mbaya zaidi, utafiti wa 2016 wa watu zaidi ya 12,000 katika nchi 52 waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza ulihusisha kufanya kazi nzito huku umevurugika na hatari karibu mara tatu ndani ya saa moja. Kwa hiyo tulia kwanza, chuma kitakusubiri. Faida ya mazoezi kwenye stresi inajengwa siku ambazo huna hasira.

Dhana: stresi ikizidi na mazoezi yaongezwe

Mwili hautenganishi mizigo, ya kazini, ya nyumbani na ya jimu yote unaibeba pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, na hata chini ya hapo ni bora kuliko sifuri. Wiki ambayo hulali vizuri usijiongezee makali. Pima mapigo asubuhi kabla hujatoka kitandani, yakiwa juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo na usingizi umekuwa mbovu, siku hizo tembea tu dakika 30, vyuma acha.