Si amri ya kukaa ndani peke yake iliyoua biashara

"Korona haikuua uchumi, ni kufungia watu ndani." Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu, na una chembe ya ukweli: bodaboda wa Kampala alipokatazwa kubeba abiria mwaka 2020, jioni sufuria haikuinjikwa. Lakini Tanzania haikuwafungia watu majumbani, na bado watalii walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020. Utasema ndege zilisimama, sawa. Basi tazama Sweden: iliacha mikahawa wazi, uchumi ukanywea mwaka huo, kama wa jirani yake Denmark iliyofunga. Mteja mwenye hofu habanduki nyumbani. Tunachanganyikiwa kwa kuwa amri ina tarehe, woga hauna. Linganisha mwenyewe takwimu za nchi hizo, na ujumbe ule usiusambaze tena.