Leseni ya Silaha ni ya Mtu, si ya Nyumba

Kila uhakiki wa silaha unapoanza, wazazi hutuuliza swali lilelile: kijana wangu ana akili timamu, kuna ubaya gani akijua bunduki ilipo? Leseni hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa yeye mwenyewe. Haihamii kwa mke, kwa mtoto wala kwa ndugu anayebaki kulinda nyumba mkisafiri.

Wengine hujibu kwamba wameificha. Kuficha si kufunga, na hili tumelisema mara nyingi mno. Chini ya godoro, juu ya kabati la nguo, ndani ya begi kuukuu: kijana aliyekulia humo anapajua kote. Silaha isiyo na risasi ikae kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani, risasi zikae chini ya kufuli nyingine, na funguo zote awe nazo mmiliki peke yake.

Na iwe kweli haina risasi. Kuchomoa magazini, yaani kasha la risasi, hakutoshi, kwa sababu risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba, sehemu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, na bastola nyingi huifyatua hata magazini ikiwa mezani. Elekeza mtutu mahali salama, weka kidole mbali na kifyatulio, toa magazini kwanza, kisha fungua chemba uikague kwa macho na kwa kidole. Ukianza kwa kufungua chemba na kumalizia na magazini, risasi moja itatoka na nyingine itaingia mahali pake. Watu waliozoea silaha kwa miaka mingi hukosea hapohapo.

Kuna jambo zito zaidi. Kijana akijitenga, akianza kuzungumzia kifo au kugawa vitu anavyovipenda, ondoa silaha nyumbani siku hiyohiyo. Ikabidhi kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, kwa maandishi, na umtafutie kijana msaada wa kitabibu. Saa ya kukata tamaa mara nyingi huwa fupi, lakini bunduki haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo. Tafadhali msione haya kuileta kituoni.

Silaha ikipotea au kuibiwa, toa taarifa mara moja ukiwa na leseni na namba ya silaha. Usingoje umalize kuitafuta mwenyewe. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inazitaka nchi zilizoiridhia zihakikishe kila silaha inatiwa alama ya kipekee inapotengenezwa, na kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 10. Namba hiyo ikionekana kwenye tukio la uhalifu, jina litakalosomwa kwanza ni lako. Kutegemea sheria za nchi, uzembe wa kuhifadhi unaweza kukufutia leseni, kukunyang'anya silaha na kukufikisha mahakamani. Mmiliki akifariki, warithi wairejeshe kwa mamlaka. Mirathi haimpi mtu leseni.

Nanyi vijana, mkikuta silaha msiiguse, hata kwa kutaka kujua kama ni ya kweli. Msipige nayo picha. Ondokeni hapo pamoja na wadogo zenu, mkamwambie mtu mzima. Anayependa ulengaji shabaha kama mchezo aende kwenye klabu iliyosajiliwa, ajifunze chini ya mkufunzi, kwa ridhaa ya mzazi na akiwa ametimiza umri unaotakiwa na sheria.