Jicho halilindwi na vidonge baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Wagonjwa wengi waliotolewa mtoto wa jicho hutuomba vidonge vya antibayotiki wakameze nyumbani, jicho lisije likatunga usaha. Hofu yao ina msingi. Maambukizi ya ndani ya jicho huwapata wachache sana, lakini yakishika yanaweza kupofusha kwa siku chache tu. Ila kinga yenyewe haiko kwenye vidonge.

Vijidudu hivyo mara nyingi hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, vinakoishi siku zote bila kumdhuru. Upasuaji huvipa upenyo. Vikishaingia hukuta ute usio na mishipa ya damu, hivyo askari wa mwili huchelewa kufika, na dawa ya kumeza hufika kidogo mno.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika chumba cha upasuaji. Kwanza jicho huwekwa iodini ya povidoni ya asilimia 5, ikakaa angalau dakika 3 kabla ya kisu. Hatua hii isiharakishwe hata kama foleni ni ndefu. Mwishoni daktari hudunga antibayotiki ndani ya jicho lenyewe, sehemu ya mbele: kwa mfano sefuroksimu miligramu 1 tu, kwenye mililita 0.1 ya maji. Utafiti uliofanyika Ulaya kwa wagonjwa zaidi ya 16,000, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wasiopata sindano hiyo walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, takriban mara 5. Kwingine hutumika moksifloksasini. Una mzio wa dawa yoyote? Sema mapema, kabla hujapanda kitandani.

Matone ya nyumbani yatumie jinsi ulivyoandikiwa, hasa yale ya kutuliza uvimbe. Nawa mikono kwa sabuni, vuta kope ya chini, dondosha tone moja, kisha fumba jicho taratibu bila kulikaza. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole. Ikigusa, unarudisha vijidudu vilevile tulivyohangaika kuviondoa. Usilisugue jicho, na wanja usubiri mpaka daktari aruhusu.

Kukwaruza kidogo, kama kuna mchanga, ni kawaida siku za mwanzo. Kisicho cha kawaida ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ukungu kurudi wakati ulishaanza kuona vizuri, wekundu unaoongezeka, kope kuvimba au usaha. Mara nyingi dalili hizi hujitokeza wiki ya kwanza, ingawa zinaweza kuja baadaye.

Ukiona hata moja, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usisubiri tarehe ya kliniki, wala usinunue matone mengine dukani, kwa sababu hapo jicho huhitaji antibayotiki ya kudungwa ndani kabisa kwenye ute, na kila saa ina uzito. Ukifika mapokezi, anza kwa kusema ulipasuliwa jicho lini, ili usiachwe kwenye foleni ya kawaida.