Kuzima Taa ya Injini si Kutengeneza Gari

Kila inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani nchini Tanzania, foleni ya magari yanayoletwa kukaguliwa hurefuka, na malalamiko nayo huongezeka. Lalamiko linalotufikia sisi wakaguzi mara nyingi zaidi ni la mwenye gari aliyenyimwa stika ya ukaguzi ilhali taa ya injini, kwa maelezo yake, imeshazimwa na fundi. Makala haya yanaeleza kwa nini maelezo hayo hayamsaidii, na nini kinampasa mwenye gari la miaka kumi na mitano au zaidi kabla hajalileta kwa mkaguzi.

Mkaguzi haanzi kwa kufungua boneti. Huzungusha ufunguo mpaka umeme uingie bila kuwasha injini, kisha hutazama dashibodi. Katika hatua hiyo taa ya injini, ya oili na ya chaji zinapaswa kuwaka zote, halafu zizimike injini ikishanguruma. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa katika hatua hiyo inamtia mkaguzi wasiwasi kuliko inayowaka, kwa kuwa ama globu imetolewa, ama imebandikwa gundi nyeusi, ama waya wake umeunganishwa na wa taa ya oili ili zote mbili ziwake na kuzimika kwa pamoja. Mbinu hii ya mwisho ni ya kijanja, lakini mkaguzi huitambua kwa kuwa taa hizo mbili huzimika katika sekunde ile ile kila mara, jambo ambalo gari lenye mifumo miwili tofauti halilazimiki kulifanya.

Wengine hawagusi globu, bali hutoa terminali ya betri usiku wa kuamkia ukaguzi au humwomba fundi afute kumbukumbu kwa mashine. Hapo taa hufanya kazi vizuri, na mwenye gari huja akiwa na amani. Asichokijua ni kwamba kwenye magari mengi yenye soketi ya pini 16 ya kuchomekea mashine ya uchunguzi, ambayo Marekani iliifanya ya lazima kuanzia magari ya modeli ya 1996 na Ulaya ikaifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, kompyuta ya injini hutunza pia orodha ya majaribio inayojifanyia yenyewe: jaribio la masega ya eksozi (kifaa kinachosafisha moshi ndani ya bomba), la sensa za oksijeni, la mvuke wa mafuta na mengineyo. Kumbukumbu ikifutwa, majaribio hayo yote huandikwa kuwa hayajakamilika, na hayakamiliki mpaka gari liendeshwe kwa siku kadhaa, mjini na barabara kuu, likiwashwa likiwa limepoa na likiachwa lipate joto kamili. Gari ambalo halina kosa hata moja na halina jaribio hata moja lililokamilika linatueleza tu kwamba lilifutwa jana. Hasara ya mwenye gari ni kubwa zaidi, maana kompyuta huhifadhi pia hali ilivyokuwa kosa lilipotokea, yaani mwendo, mzunguko wa injini na joto la maji, na fundi anayefuta kabla ya kuandika ameuchoma ushahidi ambao ungemwongoza.

Maana ya rangi za taa tunaamini kila mwenye leseni anaifahamu. Tunasisitiza jambo moja tu. Taa ya injini ya njano ikiwaka bila kupepesa, gari linaweza kuendeshwa kwa utaratibu mpaka kwa fundi; ikianza kupepesa injini ikiwa inafanya kazi, maana yake ni kwamba silinda mojawapo haichomi, na petroli mbichi inamwagikia kwenye masega ambako huungua na kuyayeyusha. Punguza mwendo, egesha, na usiendelee na safari kwa hoja kwamba gari bado linavuta. Mara nyingi chanzo ni koili au plagi iliyochoka, kitu ambacho gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na masega.

Sasa tuje kwenye namba za makosa, kwa maana hapa ndipo fedha za wananchi zinapopotea. Namba inayosomwa na mashine hutaja sehemu ya mfumo iliyolalamika. Haitaji kifaa cha kununua. Chukua P0171, ambayo maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Fundi asiye makini husoma namba hiyo na kubadilisha sensa ya oksijeni, kwa sababu ndiyo iliyoleta taarifa, na taa hurudi baada ya wiki. Sensa ilikuwa shahidi mwaminifu. Hewa ya ziada ilikuwa ikiingia kwenye mpira uliopasuka nyuma ya kichungi, au sensa ya kupima hewa ilikuwa imejaa vumbi, au pampu ya mafuta ilikuwa imechoka. Mara nyingine gasketi ya manifoldi ya eksozi imeungua: moshi unapotoka kwa mapigo, tundu lile lile linalovujisha moshi huvuta hewa ya nje kati ya pigo na pigo, sensa huiona oksijeni hiyo, na kompyuta huongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. Mwenye gari huona matumizi ya mafuta yamepanda na huenda kubadilisha nozeli. Kelele ndogo ya tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, inayopungua chuma kikitanuka, ndiyo iliyokuwa jibu.

P0420 nayo, inayosema kwamba masega hayasafishi moshi ipasavyo, isipokelewe kama hukumu ya kununua masega mapya. Kwanza pima uvujaji wa eksozi, hakikisha hakuna silinda inayokosa kuchoma, kisha tazama sensa mbili za oksijeni zikiwa na joto. Ya mbele, kwa magari mengi ya zamani, hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, ya nyuma inapaswa kutulia. Ya nyuma ikiigiza ya mbele, hapo masega yamechoka.

Kwa Toyota zilizotangulia mfumo wa pini 16, ambazo bado tunazipokea kwa wingi, mashine haihitajiki. Kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti huunganishwa matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa kwenye umeme, na taa ya injini hupepesa namba. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya mkao wa kilango cha hewa iingiayo kwenye injini. Asiyekuwa na uhakika wa tundu lipi ni lipi asijaribu, kwa sababu waya ukiwekwa mahali pasipo pake huweza kuunguza kompyuta.

Kuhusu moshi, wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, shuku mipira ya valvu. Ukitoka muda wote, shuku ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mweupe mwembamba wa alfajiri ni mvuke tu na hutoweka, lakini mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya silinda hedi. Ukifungua kifuniko cha oili ukaona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena gari hilo. Kwa dizeli moshi mweupe unaweza pia kuwa mafuta yasiyoungua.

Zipo imani ambazo, tukisema kweli, zimetuchosha. Ya kwanza ni kwamba masega yang'olewe ili gari lipumue, kwa sababu hayaendani na mafuta yetu. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko zamani, petroli ilipokuwa na madini ya risasi, ambayo kweli huyaua masega; lakini risasi iliondolewa kwenye petroli katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na tangu mwaka 2015 Afrika Mashariki imetumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Anayefaidika na kung'oa masega ni mnunuzi wa metali za thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, zilizomo ndani yake. Mwenye gari hubaki na moshi mchafu, na sensa ya nyuma inayowasha taa, na safari nyingine kwa fundi ili taa hiyo izimwe.

Imani ya pili ni kutoa thamosteti, yaani valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake hudhani kila wakati kwamba ndiyo kwanza imewashwa, huendelea kuongeza mafuta, na huja kwetu ikitoa moshi mweusi. Ya tatu ni kuosha injini kwa maji ya presha asubuhi ya ukaguzi ili mkaguzi apendezwe. Mkaguzi hapendezwi. Maji huingia kwenye mashimo ya plagi, na gari lililokuwa zima hufika likitetemeka na taa ikipepesa.

Uvujaji wa eksozi una hatari inayozidi stika. Miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar ina hewa ya chumvi inayokula mabomba haraka, na bomba lililotoboka chini ya sakafu huingiza kaboni monoksidi ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dereva anayelala ndani ya gari akiacha kiyoyozi na injini vikifanya kazi huweza asiamke. Kichwa kikiuma kila safari na kikapona ukishuka, usinywe dawa ukaendelea. Peleka gari likanyanyuliwe, likaguliwe chini.

Kwa upande wa utaratibu, njoo na kadi ya gari, leseni na bima iliyo hai, injini ikiwa imepata joto, na vitu vyote vimetolewa kwenye buti. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali inayofaa kutumika barabarani, na moshi unaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Faini iliyozoeleka ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu na si mkononi mwa askari. Makosa mawili ni faini mbili, na hilo lisijadiliwe dirishani. Kulipa ni kukubali kosa. Asiyekubali ana haki ya kutolipa na kulipeleka shauri mahakamani, na hakuna askari anayepaswa kumnunia kwa hilo. Hata hivyo, faini hairuhusu ubovu kuendelea: gari lenye kasoro ya hatari linaweza kuzuiwa kutembea mpaka litengenezwe, hata kama faini imelipwa ndani ya dakika tano. Wajibu huo unamgusa mmiliki pia, hivyo kusema kwamba gari alikuwa nalo dereva si utetezi unaofika mbali.

Anayerudi kwa ukaguzi wa pili aje na karatasi ya namba za makosa iliyoandikwa kabla hazijafutwa, risiti ya matengenezo, na kifaa kilichotolewa. Asiyekuwa na kifaa hicho amdai fundi wake, kwa kuwa ni mali yake, na aliendeshe gari siku chache kabla ya kuja.