Cádiz si kituo cha basi la Seville

Wiki hii nimeulizwa tena. Binamu yangu anayeishi Leicester atasafiri mwezi wa tano kwa meli ya kitalii, yeye, mumewe na mama mkwe wake, na siku ya tatu meli yao itafunga Cádiz, kusini mwa Hispania. Akaniandikia: "Dada, watu wanasema Cádiz hakuna kitu. Twende Seville kwa basi la meli au kwa treni?" Nimekaa miaka tisa kwenye dawati la matembezi melini, na swali hilo nimelijibu kwa upole mara zisizohesabika. Leo nalijibu kwa kirefu, ili atakayeuliza tena nimtumie maandishi haya.

Kosa linaanzia kwenye ratiba za meli zenyewe. Zimeandikwa "Seville (Cádiz)": mji usio na bahari umetangulizwa mbele, na mji ambao meli imefungwa kamba umetiwa mabanoni. Msomaji afanye nini? Anaamini kwamba Seville iko pale nyuma ya ghala. Seville iko kilomita 120 hivi ndani ya nchi.

Tupige hesabu, maana ndiyo abiria hawaipigi. Meli inafunga saa mbili asubuhi. Ngazi haifunguliwi mpaka maofisa wa bandari wamalize karatasi zao, kwa hiyo sema saa mbili na nusu. Basi la watu hamsini halijai kwa dakika tano. Yuko aliyesahau kofia, yuko mzee wa fimbo, iko familia iliyogawanyika ghorofa mbili. Basi linatoka saa tatu. Barabara kuu ni saa moja na nusu kama haina ajali. Mkifika, basi haliingii mji wa kale. Linawashusha kando, nanyi mnafuata kibao cha namba alichoinua kiongozi. Saa tano kasorobo mko mbele ya kanisa kuu. Mwisho wa kupanda meli ni saa kumi na moja jioni, ile 17:00 ya kwenye ratiba, na hakuna kiongozi wa msafara mwenye akili atakayekubali kufika gatini baada ya saa kumi na robo. Kwa hiyo saa nane na nusu mko basini tena. Katika muda uliobaki ondoa chakula, ondoa foleni ya kuingia Alcázar, jumba la kifalme, ondoa choo, na choo cha watu hamsini si jambo dogo. Mtu ameondoka na masaa mawili ya kutembea Seville, na amekaa kitini zaidi ya masaa matatu kuyapata. Jioni anapita mbele ya dawati langu, miguu imevimba, ananiambia alipenda Cádiz alivyoiona dirishani.

Treni haikuokolei muda. Stesheni iko karibu sana na meli, hilo ni kweli, lakini safari ni kama saa moja na dakika arobaini, na humo ndani hakuna ajuaye kwamba wewe una meli.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu imani ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: "Meli itatusubiri." Ukinunua matembezi kwenye dawati la meli, kiongozi wako anawasiliana na meli, na mkichelewa, meli ama inasubiri ama kampuni inabeba gharama za kuwafikisha bandari inayofuata. Ukitoka kivyako, hakuna ahadi hiyo. Watu husema, "Meli ya abiria elfu tatu, inashindwa nini kungoja dakika ishirini?" Inashindwa mengi. Rubani wa bandari ameitwa kwa saa maalumu. Wafunga kamba wako gatini, tagi, mashua ya kuvuta meli, imewekwa tayari, na gati lenyewe huenda lina meli nyingine inayolingoja. Tena dakika zilizopotea lazima zirudishwe usiku kwa kwenda mbio, na bahari hailipishi mbio kwa bei ya barabarani: meli ikiongeza mwendo kwa asilimia 10 tu, inahitaji nguvu zaidi kwa karibu theluthi nzima. Mafuta hayo ni fedha nyingi, na nahodha anazijibia.

Niliwahi kusimama juu ya ngazi na orodha mkononi, majina mawili hayajatiwa alama. Mume na mke, walikwenda Seville kwa treni. Mwenzangu alifungua kasha la chumba chao, akatoa pasipoti, tukamkabidhi wakala wa bandari. Ngazi ikavutwa. Tulikuwa tumeshaachana na gati tulipowaona wanakuja mbio, yule mama ameshika viatu mkononi. Sijaisahau sura yake. Na kwa sisi wenye pasipoti za Kenya au Tanzania jambo hilo ni zito zaidi, maana bandari inayofuata ikiwa Tangier, Morocco, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, peke yake haikufikishi huko.

Mimi Cádiz niliijua kwa sababu ya sheria. Kanuni za mipaka za Schengen zinamruhusu baharia aliyemo kwenye orodha ya wafanyakazi wa meli ashuke bila viza na kutembea ndani ya manispaa ya bandari, na manispaa zinazopakana nayo. Basi. Seville haimo. Mwaka wangu wa kwanza nilipata mapumziko ya masaa matatu, wenzangu wenye pasipoti za Ulaya wakakimbilia treni, mimi nikabaki. Nilinung'unika. Kisha nikatoka gatini, nikavuka barabara moja, na ndani ya dakika chache nikawa uwanja wa San Juan de Dios, mbele ya ukumbi wa mji. Mtu aliyekulia Kibokoni, Mombasa, haambiwi na mtu mji wa kale ni nini. Vichochoro vyembamba vinavyotunza kivuli, upepo unaojua njia yake, mizinga ya zamani iliyosimikwa kwenye pembe za nyumba ili magurudumu ya mikokoteni yasikwangue ukuta. Nikaweka kiganja ukutani, nikakuta kombe. Mawe yao wanayaita ostionera, jiwe la bahari lililojaa makombe na changarawe. Si matumbawe kama yetu, lakini mkono hautambui tofauti haraka.

Na historia yenyewe inawasuta wale wanaouita mji huu lango la Seville. Kwa karne mbili biashara ya Hispania na makoloni ya Amerika ilipita Seville, kwa mto Guadalquivir. Merikebu zikawa kubwa, mto una fungu la mchanga mdomoni, zikawa zinakwama. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara hiyo, Casa de Contratación, ikahamishiwa Cádiz. Meli ya binamu yangu inafunga Cádiz kwa sababu ile ile iliyowahamisha wafanyabiashara wa 1717: ni kubwa mno kwa mto. Fedha zilimiminika, na tusifiche, humo mlikuwa na biashara ya watumwa. Matajiri wakajenga minara juu ya mapaa yao ili waone merikebu zao zikirudi. Zaidi ya 120 ipo mpaka leo. Torre Tavira, uliofanywa mnara rasmi wa kuangalizia bandari mwaka 1778, unapandika, na juu yake kuna chumba cha giza ambamo lenzi na kioo hutandaza sura ya mji mzima, hai, juu ya sahani nyeupe. Unaona nguo zinavyopepea kwenye kamba. Anza hapo, utauelewa mji kabla hujautembea.

Kanisa kuu lenye kuba la vigae vya manjano lilianza kujengwa 1722, likamalizika 1838. Tazama ukuta wake kutoka chini kwenda juu: rangi ya jiwe inabadilika. Fedha za Amerika zilikauka kabla ya mafundi kumaliza. Mtunzi wa muziki Manuel de Falla, mzaliwa wa hapo, amezikwa chini yake.

Sasa jambo ambalo waongozaji wengi hawalisemi. Vijitabu vyote vinakuambia Cádiz ina miaka 3,100, iliasisiwa na Wafoeniki, wafanyabiashara wa baharini kutoka pwani ya Lebanon ya leo, mwaka 1104 kabla ya Kristo. Tarehe hiyo inatokana na mwandishi wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja baadaye, akihesabu kuanzia kuanguka kwa Troy, mji wa masimulizi ya Wagiriki. Vilivyochimbwa ardhini, zikiwemo nyumba na vichochoro vya Kifoeniki vilivyo chini ya jumba la maonyesho ya vikaragosi, vinatupeleka karne ya tisa au ya nane kabla ya Kristo. Mimi nilikoma kuwaambia abiria 1104 kama jambo lililothibitika. Bosi wangu wa wakati huo hakufurahi. Lakini karne ya tisa ni uzee wa kutosha, hauhitaji kuongezewa. Jina lao la kwanza, Gadir, maana yake ni mahali penye ukuta, na aliyesoma Kiarabu atalisikia neno jidari humo.

Makumbusho yapo Plaza de Mina. Usipite bila kuona majeneza mawili ya mawe ya Kifoeniki, la mwanamume lililopatikana 1887 na la mwanamke lililopatikana 1980. Mwanaakiolojia Pelayo Quintero aliamini maisha yake yote kwamba jeneza la mwanamke lipo, akalitafuta, akafa 1946 bila kuliona. Lilipopatikana, lilikuwa ardhini palipokuwa na nyumba yake mwenyewe. Kila nikiwatazama wale wawili naingiwa na kimya fulani. Sijui ni kwa sababu yao au kwa sababu yake.

Kuhusu chakula, kosa moja tu: kula saa sita. Hispania inatumia saa za Ulaya ya Kati tangu 1940, ingawa Cádiz iko magharibi ya London. Jua lake la utosini wakati wa kiangazi ni karibu saa nane na nusu mchana. Ndiyo adhuhuri yao ya kweli, na ndiyo sababu jikoni hakuna moto wa maana kabla ya saa saba. Wanaokwenda Seville hula kwa ratiba ya basi. Wewe uliyebaki unaweza kula kwa ratiba ya mji. Nenda soko kuu, jengo la 1838, uone samaki kwanza. Halafu tafuta tortillitas de camarones, ambazo kwetu ningeziita bhajia za uduvi bila kubishana na mtu: uduvi wadogo mno, unga wa dengu uliochanganywa na wa ngano, kitunguu, kotimiri ya kizungu, mafuta ya moto. Kuna papa mdogo pia, anarowekwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha anakaangwa. Asiyekula nguruwe aulize kwanza mafuta ya karai yanakaangia nini kingine, maana mji huo unapenda chicharrones, na hizo ni nguruwe.

Ukitoka hapo tembea mtaa wa La Viña, wa wavuvi na wa kanivali, mpaka ufuo wa La Caleta ulio kati ya ngome mbili. Mawimbi ya tetemeko la Lisbon, Novemba 1, 1755, yaliingia mpaka mitaa hiyo, na wenyeji wanakuonyesha yalipokomea. Kuvuka mji wa kale wote, upande hadi upande, ni nusu saa ya mtu asiye na haraka.

Na upepo. Kuna Levante, unaotoka mashariki kupitia mlango wa bahari wa Gibraltar, na jina lake lina maana ya mawio, kama vile matlai yetu. Ukivuma kweli, mchanga unapiga miguu kama sindano na nahodha anaweza kughairi kuingia bandarini kabisa. Hakuna wa kulaumiwa siku hiyo.

Nikiri yanayonisumbua. Seville ni nzuri kuliko Cádiz. Mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti wa Almohadi, watawala Waislamu waliotoka Morocco, kabla ya kutiwa kengele, nilipouona hatimaye kwa viza yangu mwenyewe, niliketi chini. Mzee anayejua hatarudi Hispania tena maishani, je, nimzuie? Nimewahi kumzuia mmoja, akanishukuru. Nimewahi kumruhusu mwingine, naye akanishukuru. Jibu la jumla sina. Na pia sina hakika kama ni wema kuwaambia watu elfu tatu wabaki wote kwenye vichochoro vile siku moja. Barcelona imekubaliana kupunguza vituo vyake vya abiria wa meli za kitalii kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030, na Palma imeweka ukomo wa meli kwa siku. Cádiz ni mji mdogo kuliko yote hiyo. Nikiuona uwanja wa maua umejaa watu wenye namba shingoni, najua maneno yangu yamechangia.

Binamu, tarehe yenu nimeiangalia, ni Jumatatu. Makumbusho yamefungwa, na sokoni samaki watakuwa wachache kwa sababu mashua nyingi hazitoki Jumapili. Kwa hiyo Torre Tavira asubuhi, kabla ya joto, mama mkwe akipumzika kwenye kila ghorofa. Bhajia saa saba na nusu. La Caleta mpaka saa tisa, kisha rudini polepole kwa kando ya bahari, kule kwenye miti mikubwa, kuna mabenchi. Mnatokea Lisbon, kwa hiyo saa ya Hispania itakuwa mbele kwa saa moja. Uliza melini kama wamebadilisha, na ufuate saa ya ukutani pale ngazini, si ya simu. Na kadi ya chumba ashike mumeo, wewe nakujua.