Kurva ya kujifunza si mlima wa Newala

Kurva ya kujifunza ni mstari wa grafu unaoonyesha mtu anavyoendelea kadiri anavyozidi kufanya mazoezi.

Dhana: kurva ikiwa kali, kazi ni ngumu.

Nimeisikia hii mara nyingi kwenye mafunzo ya ubanguaji wa korosho huku Masasi. Mkufunzi anasema, "Jamani, kurva ya kujifunza mashine hii ni kali," na kina mama wanaanza kutazamana. Naelewa. Aliyewahi kupanda na mzigo kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala juu, akisikia mwinuko mkali anakumbuka magoti na jasho.

Ukweli: grafu haipandwi kwa miguu. Mstari wa chini unahesabu siku za mazoezi. Wa wima unahesabu kinachopatikana, tuseme kilo za korosho nzima anazotoa mbanguaji kwa siku. Kurva ikipanda kwa kasi, mama huyo ameishika kazi upesi. Anayemaliza mwezi akitoa vipande tu, kurva yake inatambaa. Maana ya ugumu imeshazoeleka kwenye mazungumzo, na huko sigombani nayo. Ila ukichora grafu ubaoni kisha ukaisoma kinyume, unawatisha watu bure.

Dhana: lazima ipande. Inategemea unapima nini. Mwaka 1936 mhandisi Mmarekani, Theodore Paul Wright, alionyesha kuwa idadi ya ndege zilizotengenezwa ilipoongezeka maradufu, saa za kazi kwa kila ndege zilipungua kwa takriban asilimia 20. Kurva yake inashuka, na ni kujifunza kulekule.

Dhana: ikilala, mtu amefika mwisho wa uwezo wake. Hii ndiyo inayoniuma, maana inawafukuzisha watu kazi.

Ukweli: William Bryan na Noble Harter, walioandika mwaka 1897 na 1899 kuhusu wanafunzi wa telegrafu Marekani (ujumbe unaotumwa kwa waya kama milio, herufi kwa herufi), waliwakuta wakikwama wiki nyingi kwenye kupokea ujumbe, kisha wakapanda tena. Walieleza kwamba wakati huo sikio lilikuwa bado linazoea herufi na maneno mojamoja, kabla ya kuanza kushika sentensi nzima.

Nimeona hivyo kwenye meza ya kubangulia. Binti mmoja, wiki ya tatu, kilo zilezile, vidole vimeungua kwa mafuta ya ganda, na msimamizi anataka aondoke. Nikaomba aachwe. Siku chache baadaye alikuwa akiweka korosho kati ya visu bila kuitazama, mguu unakanyaga kwa mpigo mmoja. Mwezi ulipokwisha, sinia lake lilikuwa na vipande vichache kuliko la mama aliyemfundisha.